Ekstenda ya Nne

Mama Recheli Lugembe hakuwa na imani na kitu kisicho na jina. Miaka thelathini na mmoja ya uuguzi ilimwachia magoti mabovu na mazoea ya kubandika plasta, na alipostaafu aliihamishia wodi nyumbani kwake Isevya, Tabora. Chupa ya chumvi ilikuwa na kipande cha plasta kilichoandikwa CHUMVI, ingawa ilikuwa ya kioo na chumvi yenyewe ilionekana. Swichi za taa zilikuwa na plasta, funguo zilikuwa na plasta, hata ndoo za maji. Wasichana wa vyuo waliopanga vyumba vyake vya uani walikuwa wakiambiana kwamba pale ukikaa kimya sana, na wewe utabandikwa.

Mtu mmoja tu aliachiwa aingie na kutoka apendavyo, naye alikuwa Kondo fundi. Kondo alikuwa Mzaramo wa Kisarawe. Alipanda treni kuja Tabora kwa kazi ya wiki mbili, akakaa miaka ishirini na mitano. Fremu yake ya biashara ilikuwa upande wa barabara, imeegemea ukuta wa nyuma wa Mama Recheli, na humo alitengeneza redio, pasi na simu, na kuwaingizia vijana nyimbo na filamu kwenye simu zao. Kwa kuwa Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, tangu babu wa huyu alipokuwa akibeba mzigo kutoka hapa mpaka pwani na babu wa yule akimsubiri mwisho wa njia na ujanja wake, wawili hawa hawakuwahi kusalimiana kistaarabu. Kondo akifika mlangoni aliuliza kama mpagazi yupo. Mama Recheli akajibu kwamba yupo, ila mgongo umechoka kubeba Wazaramo. Ndipo chai inamiminwa.

Sheria za utani mtu wa Tabora hafundishwi, anakua nazo. Mtani akikutukana mbele ya wakwe zako, unacheka. Akiondoka na jogoo wako, unacheka, na ukikasirika wewe ndiye uliyekosa adabu. Krismasi moja Kondo aliondoka kweli na jogoo, tena aliyekwisha chinjwa na kunyonyolewa, na Mama Recheli akala wali kwa maharage huku akimsimulia kila mgeni kwa furaha.

Lakini utani wao haukuwa wa jogoo tu. Mumewe, Gerson, alipofariki miaka sita iliyopita, Mama Recheli alikaa siku mbili bila chozi wala neno, mpaka ndugu wakaanza kumwogopea. Siku ya mazishi Kondo aliingia chumbani, akavaa koti la marehemu, akatoka nalo uani akitembea kwa ule mwendo wa Gerson wa kuburuta mguu wa kushoto, akauliza kwa sauti ya Gerson ni nani aliyehamisha gazeti lake. Waombolezaji wakaangua kicheko. Mjane naye akacheka, kicheko kikageuka kilio, akalia mpaka jua likazama. Miaka yote iliyofuata alikuwa akisema kwamba siku ile Kondo alimrudisha duniani. Alimaanisha hivyo, na ndiyo maana mambo yaliyokuja baadaye yalimchoma kiasi kile.

Ni Kondo huyohuyo aliyemfungia mtandao. Wasichana wa siku hizi hawapangi chumba kisicho na waifai, na nyumba ya Mama Recheli ni ndefu, ya matofali ya kuchoma, na mawimbi ya ruta iliyokaa sebuleni yalikuwa yanafia jikoni. Kondo akamnunulia ekstenda tatu, vile vidude vyeupe vinavyochomekwa kwenye soketi, vikadaka mtandao wa ruta na kuusogeza mbele. Moja ikakaa koridoni, moja jikoni, moja kwenye baraza ya vyumba vya uani. Mama Recheli alizibandika plasta zote tatu siku hiyohiyo. Neno la siri alilichagua Kondo mwenyewe: mpagazi, na tarakimu nne mbele yake. Walicheka sana siku hiyo.

Chumba cha mwisho uani alikuja kukaa Vestina. Alikuwa mtoto wa mkulima wa tumbaku wa Ulyankulu aitwaye Plasidi, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi na watoto mgongoni, na alikuwa akisomea uuguzi. Mama Recheli hakuwa na kawaida ya kuwazoea wapangaji. Huyu alimzoea. Vestina alifagia ua hata siku isiyo ya zamu yake, na Jumapili jioni, yeye akitoka kanisani kwao kwa Wakatoliki na mwenye nyumba akitoka kwa Wamoravian, walikaa jikoni na kufungua daftari la famasia pamoja. Mama Recheli alianza kumwita mwanangu, na haikuwa kwa mazoea ya mdomo.

Kisha mtandao ukaanza kuugua. Kifurushi kilikuwa kinakata kabla ya mwezi kwisha. Waifai ya uani ikawa ya kuomba dua. Mama Recheli akamwita mtani wake aje aangalie. Kondo alikuja, akabonyezabonyeza simu yake karibu na ruta, akasimama uani na mikono kiunoni, akasema kuna mtu humu ndani anagawa neno la siri kwa watu wa nje. Nani, aliulizwa. Akasema yeye hataji mtu. Lakini macho yake yalikuwa upande wa vyumba vya uani, na wakati ule wapangaji wengine, wa vyuo vingine, walikuwa likizo. Vestina peke yake ndiye aliyebaki, amesimama mlangoni na beseni la nguo.

Halafu Kondo akatania, kama ilivyo ada yake. “Mwizi ni mimi bwana,” alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. “Mnyamwezi atajuaje kulinda mali? Babu zake walibeba mizigo ya watu mpaka pwani bila kuuliza ni ya nani.”

Mama Recheli alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Alipofuta machozi akamwona Vestina. Vestina hakucheka. Alikuwa anamtazama Kondo, kisha akamgeukia yeye, uso mkavu, beseni limetulia mikononi. Na pale pale, kwa akili yake yote ya miaka thelathini na mmoja ya kusoma nyuso za wagonjwa, Mama Recheli akahitimisha kwamba anayeshindwa kucheka katikati ya utani ana lake moyoni. Hakukumbuka kwamba watu wa kwao Vestina hawana utani na Mzaramo. Binti yule hakujua kwamba pale palitakiwa kicheko.

Alimwita jioni ileile. Vestina akasema mara moja tu kwamba hakufanya hivyo. Mama Recheli alikuwa ameumia, na mtu aliyeumizwa na anayempenda hatafuti maneno mepesi. Alisema yote, na mwisho akasema lile ambalo Mnyamwezi mwenye malezi yake hakupaswa kulisema. “Wazazi wenu walipokelewa wakapewa ardhi. Na mimi nimekupokea. Ninyi hamshibi?”

Kesho yake asubuhi chumba kilikuwa kitupu na kimefagiliwa. Ilikuwa wiki ya mitihani.

Na mtandao ukapona. Kwa miezi kadhaa uani walikuwa wanaangalia masomo yao bila kukatikakatika, na kifurushi kikafika mwisho wa mwezi. Mama Recheli alichukulia huo kuwa ushahidi, akajifariji nao kila alipopita mbele ya kile chumba. Kondo hakubadilika. Alikuja, akauliza kama mpagazi yupo, akanywa chai. Baadaye, taratibu, mambo yakarudi kuwa mabaya, na Mama Recheli akalaumu mvua, akalaumu kampuni, akalaumu wasichana wapya. Mtu akishapata mwizi wake hatafuti wa pili.

Miaka miwili ikapita hivyo, mpaka Machi ya mwaka huu radi ikapiga karibu na nguzo ya umeme mtaani na kuiua ruta. Kampuni ilimtuma binti mmoja, Kabula, mwenye viatu vizito na adabu nzuri, akafunga ruta mpya, akasaini karatasi, akaaga. Sebuleni mtandao ulikuwa unakimbia. Koridoni, jikoni na uani, ekstenda zote tatu ziliwaka taa nyekundu na kukataa katakata. Kabula alipopigiwa simu alicheka kidogo, akasema, mama, hizo za zamani bado zinaitafuta ruta iliyokufa. Alieleza kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchoma kila moja kwa pini kwenye kitundu chake kidogo, ikasahau yote, ikafundishwa upya. Ya pili ni kuipa ruta mpya jina lilelile na neno la siri lilelile la ile iliyokufa, na kutenganisha mawimbi yake mawili, la kasi na la polepole, maana hizo za zamani zinajua la polepole tu. Hapo zitarudi zenyewe, zikidhani hakuna kilichotokea.

Kwa kawaida angemwachia Kondo kazi hiyo. Lakini Kondo alikuwa Kisarawe kumzika kaka yake. Mama Recheli alimpigia kumpa pole, na pole ilipokwisha akagusia habari ya ruta. Kondo, na msiba wote ule, sauti ikabadilika ghafla.

“Usichome pini, mtani. Weka jina lilelile na pasiwedi ileile. Usibadilishe hata herufi.”

Mama Recheli alishukuru kuwa na rafiki anayemjali hata akiwa msibani.

Jumapili baada ya ibada alivaa miwani, akakaa sebuleni na simu yake na karatasi, akafuata maelezo ya Kabula mstari kwa mstari. Ruta hii ilikuwa na programu ya simuni inayoonyesha kila kilichojiunga, jambo ambalo ile ya zamani haikuwa nalo, au ilikuwa nalo na aliyejua kuingia ni Kondo peke yake. Akaandika jina la zamani. Akaandika mpagazi na tarakimu zake nne. Akasubiri. Koridoni taa ikawa ya kijani. Jikoni ikafuata. Ya uani ilichukua muda, akadhani imekufa, kisha nayo ikakubali. Akajisikia fahari, mwanamke wa miaka sitini na mmoja aliyefanya kazi ya fundi. Akachukua kalamu kuandika kwenye karatasi: tatu.

Orodha ya simuni ilisema nne.

Alihesabu tena. Vifaa vinne vya aina moja, jina moja la kiwandani, vimejipanga. Akafikiri mashine imekosea. Lakini alikuwa muuguzi, na muuguzi akitilia shaka kipimo hukirudia. Alikwenda akachomoa ya korido, orodha ikabaki na tatu. Akachomoa ya jiko, zikabaki mbili. Akachomoa ya uani, akarudi sebuleni taratibu, akavaa miwani tena. Ikabaki moja, inapumua, haina plasta.

Aliipata stoo baada ya saa nzima. Nyuma ya kabati la vyombo vya sherehe palikuwa na soketi ambayo Kondo aliifunga mwaka uleule wa ekstenda, akisema itafaa siku akinunua friza. Friza haikununuliwa. Kutoka kwenye soketi ile waya mweupe ulipanda ukutani, ukaingia kwenye kona ya dari. Mama Recheli akapanda ngazi, magoti yakipiga kelele, akasukuma ubao wa dari, akawasha tochi ya simu. Ekstenda ilikuwa juu ya boriti, imegeuzwa kuelekea ukuta wa nyuma, na imefungwa kwa utepe wa tyubu ya baiskeli uliokazwa kwa mafundo mawili. Tabora nzima hakuna fundi mwingine anayefunga waya kwa tyubu ya baiskeli na mafundo mawili.

Hata hapo alimtetea. Alijiambia labda aliisahau, labda ilikuwa ya akiba. Akashuka, akajifunga kitenge, akazunguka nje mpaka barabarani, akasimama mbele ya fremu ya Kondo iliyofungwa kufuli. Simu mkononi mwake ilionyesha mawimbi yamejaa mpaka juu. Kwenye chumba cha mwisho uani, ndani ya wigo wake mwenyewe, hayajawahi kuvuka nusu. Alisimama pale na kitenge chake, wapita njia wakimwamkia, naye anaitikia marahaba, marahaba, bila kuwaona.

Mtu aliyesalitiwa na adui ana pa kulilia. Mama Recheli hakuwa na pa kulilia. Alimweleza Martha, mzee wa kanisa mwenzake, mtu makini asiye na mzaha, na Martha alipofika mahali pa kusikia kwamba fundi ni Mzaramo alicheka mpaka akajifunika mdomo. “Mtani wako amekupata,” alisema. Mama Recheli akaelewa kwamba hivi ndivyo itakavyokuwa kwa kila atakayemwambia. Hii kwao ilikuwa hadithi ya jogoo.

Kondo alirudi baada ya wiki mbili na mfuko wa nazi begani. Mlangoni akauliza kama mpagazi yupo, maana kuna mzigo kutoka pwani. Mama Recheli alimwonyesha kiti, na juu ya meza mbele ya kiti ilikuwepo ekstenda na utepe wake wa tyubu.

Kondo aliitazama, akacheka kicheko chake cha kila siku, akajipiga paja. “Si nilikwambia, mtani? Mbele ya watu kabisa. Nilikwambia mwizi ni mimi.”

“Ulinitania.”

“Nilikwambia kweli. Wewe ndiye uliyecheka.”

Alipoona kicheko kinarudi peke yake, akakaa vizuri. Alieleza kwamba fremu ilikuwa inamfia, kwamba vijana wanataka filamu mpya kila siku na yeye alikuwa hana mtandao wa kuzishushia. Alisema alikuwa akijiambia kila wiki kwamba atamweleza, na wiki zikawa miaka. Alipoona lawama zinakaribia, alizima kwa miezi michache, zipite. Alieleza yote haya kwa upole, na Mama Recheli akaona kwamba hasemi uongo hata kidogo, na hilo lilimuumiza kuliko uongo.

“Ungeniomba ningekupa,” alisema.

“Najua.”

“Na yule mtoto?”

Kondo alizitazama nazi zake. “Mimi sikumfukuza mtu, Mama Recheli,” alisema.

Katika miaka ishirini na mitano ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Yule aliyevaa koti la Gerson na yule aliyemwacha Vestina abebe mzigo wake walikuwa mtu mmoja, amekaa kwenye kiti chake, na hakukuwa na namna ya kumfukuza mmoja na kumbakiza mwingine. Akamwambia achukue nazi zake aende. Kondo alizichukua, kwa sababu alielewa kwamba hakutaniwa.

Juma lililofuata Mama Recheli alipanda basi la asubuhi la kwenda Nzega, akateremka Puge. Alikuwa ameulizia kwa wasichana wa chuoni, wakamwambia Vestina alirudia mitihani, akafaulu, na sasa ni muuguzi wa zahanati huko. Njia nzima alipanga maneno. Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto, na kina mama wamejaa kwenye benchi na watoto wao mapajani. Vestina alikuwa mezani na mizani, sare yake nyeupe imepigwa pasi. Alimwona, akasimama.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.” Neno lilitoka lenyewe, na Mama Recheli akatamani alirudishe.

Vestina alimletea kiti pembeni ya meza. Mama Recheli akasimulia yote kwa sauti ya chini, radi, ruta, orodha ya nne, dari, mafundo mawili, na jinsi Kondo alivyokiri. Vestina alisikiliza huku akipanga kadi za watoto. Mwishoni Mama Recheli alimshika mkono.

“Nimekuja kukuomba radhi. Sasa nimemjua mwizi.”

Vestina hakuutoa mkono. Alionekana kushangaa kidogo. “Lakini alijitaja siku ileile, mama. Nilimsikia, na wewe ulimsikia, ukacheka. Nikajua unafahamu, ila umeamua yeye abaki, mimi niondoke.”

Mama Recheli alitaka kusema kwamba hakujua. Miaka miwili binti huyu alikuwa ameishi akiamini hivyo juu yake, na akiamini hivyohivyo alikuwa amesimama sasa hivi, akamwamkia na kumpa kiti.

Benchini mtoto alianza kulia. Vestina akaomba ruhusa, akaushusha mkono wa Mama Recheli taratibu juu ya meza, akamwita anayefuata.